Kola Iliyobana

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia sebuleni, Chiriku aliketi ukingoni mwa kitanda na kufanya kazi zake mbili. Kwanza alitoboa ncha ya kidole, akadondoshea tone la damu kwenye mashine ya kupimia sukari na kusubiri namba itokee. Kisha alivuta insulini kwenye bomba la sindano, akaligonga kwa ukucha ili mapovu yapande, akajidunga pajani. Kazi hizo alizianza akiwa darasa la pili, siku zile alipokuwa akinywa maji bila kushiba na kukonda mpaka sketi ikawa inamvuka. Sasa alikuwa darasa la sita, na mikono yake ilifanya yote bila hata kumwuliza.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake, kwa sababu ya mdomo. Baba alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kusimulia kabla hajajua kutembea, ingawa hakuna aliyeelewa anasimulia nini. Baba alikuwa dereva wa lori. Alifariki mwaka uliopita, na nguo zake nyingi ziligawiwa ndugu. Sweta lake la kijivu, lile alilokuwa akilivaa kila alipoondoka na lori alfajiri, lilibaki. Kiwiko kimoja kilikuwa na kiraka alichokitia mama mwenyewe.

Asubuhi hiyo Chiriku alivaa shati la shule, akajaribu kufunga kifungo cha juu cha kola. Kikakataa. Akavuta tumbo ndani kana kwamba shingo iko tumboni. Kikakataa tena. Akaenda sebuleni, ambako mama alikuwa ameinama juu ya cherehani, pini zimejipanga midomoni mwake.

"Kola tena?" mama aliuliza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Tena, mama."

"Sogea hapa kwenye mwanga. Na usiongee, nisije nikakushona ulimi, halafu watu waniulize nimemfanya nini Chiriku."

Mama alikikata kifungo na kukishona upya karibu kabisa na ukingo, shati likiwa mwilini. Ilikuwa mara ya pili tangu mwaka uanze. Hakuchukua tepu ya kupimia, ingawa ilikuwa inaning'inia shingoni mwake kama kawaida. Mtaa mzima ulipimwa kwa tepu ile, mabibi harusi na wazee wa kanisani na msikitini, lakini binti yake hakuwa amempima tangu mwaka jana. "Wa kwangu namjua kwa macho," ndivyo alivyowaambia wateja.

"Unakua tu, mwanangu," alisema, akikata uzi kwa meno. "Kesho kutwa utaanza kunitazama kutoka juu. Umelala vizuri?"

"Nimelala, mama."

Chiriku alivuta sweta la baba kutoka kwenye kiti na kulivaa. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati. Mama aliliona sweta, akarudisha macho yake haraka kwenye kitambaa. Anamlilia baba yake, aliwaza. Katika nyumba ile, hilo halikuguswa.

Shuleni walimwita Bibi Sweta. Alikuwa akisinzia kipindi cha hesabu, na ngozi ya mikono yake ilikuwa imepauka hata akijipaka mafuta. Alipotumwa kuchukua chaki ofisini, alitembea kama mtu anayevuka mto wenye matope. "Bibi Sweta, ukifika tutumie barua," mmoja wa wavulana wa nyuma alisema, na darasa likacheka. Zamani Chiriku angemjibu maneno matatu na kumwacha akitafuta pa kuficha uso. Siku hizi alimwangalia tu, akaendelea kutembea.

Lakini lililomuumiza ni kwaya. Chiriku ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alisimama mbele peke yake, akatoa mstari wa kwanza, na wenzake wote wakampokea. Mwaka jana shule ilifika fainali ya mashindano bila yeye, kwa sababu siku hiyo nyumbani kwao kulikuwa na msiba. Mwaka huu aliungoja kwa hamu. Alikuwa amejiahidi kwamba atasimama pale mbele na kuimba ule wimbo ambao baba alikuwa akimwomba kila aliporudi safari, hata kabla hajavua viatu.

Mchana huo, kwenye mazoezi, alifungua mdomo na sauti ikatoka nzito, yenye mikwaruzo, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Mwalimu wa kwaya, mwanamume mwembamba mwenye tabia ya kujipigapiga kalamu shavuni, aliinua mkono.

"Rudia, binti."

Alirudia. Katikati ya mstari mikono ikaanza kutetemeka na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Aliijua hali hiyo. Sukari ilikuwa inashuka. Alikaa chini, akatoa pipi ya glukosi mfukoni, akaitafuna huku wenzake wakiangalia dari kwa adabu.

Wanakwaya walipotawanyika, mwalimu alibaki naye. "Sikufukuzi," alisema kwa upole. "Lakini nyimbo lazima zipate mtu wa kuzianzisha mapema, tuzifanyie mazoezi. Ijumaa ijayo nitachagua. Ngongoti pia anajifunza mistari yako."

Ngongoti alikuwa rafiki yake, msichana mrefu mpaka wenzake walidai anatembelea miti. Alimsubiri Chiriku getini akiwa amenuna.

"Mimi siitaki nafasi yako," alisema kabla hajaulizwa. "Nikiipata, nataka niipate ukiwa mzima, nikushinde, nikuringie. Ukiwa hivi nitamringia nani?"

"Ni sukari tu."

"Kila kitu ni sukari. Ukilala, sukari. Ukisikia baridi juani, sukari. Juzi ulipoteza rula, nikadhani utasema sukari." Ngongoti alimtazama. "Mara ngapi inashuka siku hizi?"

"Mara nyingi."

"Mama anajua?"

Chiriku alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. Wiki iliyopita mama alicheka. Alicheka kweli, mpaka akajifuta machozi, kwa sababu mteja alileta suruali ipanuliwe kiunoni na kusema imesinyaa yenyewe kabatini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Chiriku alikuwa chumbani akisikiliza kicheko kile, na alijiambia kwamba hataleta ugonjwa mwingine katika nyumba ambayo ndiyo kwanza imeanza kucheka.

Jumamosi kwaya nzima ilikuja kupimwa nguo mpya. Mashindano yalikuwa bado mbali, mwishoni mwa muhula uliofuata, lakini watoto walikuwa wengi na mama alikuwa na mikono miwili tu. Sebule ilijaa. Mama alipima, akaandika kwa chaki juu ya vipande vya kitambaa, akawatania mmoja mmoja.

"Wewe umekula nini? Mwaka jana ulikuwa umeishia hapa."

"Shikamoo, mama," Ngongoti alisema alipofika zamu yake.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nipande kwenye kigoda."

Watoto walicheka. Wote walipokwisha kupimwa na wengi kuondoka, mama aliizungusha tepu shingoni mwake na kuanza kukusanya vitambaa.

"Bado Chiriku," Ngongoti alisema.

"Wa kwangu namjua kwa macho. Ninayo karatasi ya vipimo vyake vya mwaka jana, nitaiongeza kila upande."

"Mama, samahani. Sisi wote tumepimwa. Akipimwa kwa macho halafu nguo imkatae, atasema nimemloga."

Mama aliguna, lakini tepu akaivua. "Haya, njoo wewe. Vua sweta."

Chiriku alivua sweta, akajikunja kwa baridi. Mama alipima mabega. Akapima mkono, kutoka begani hadi kifundoni. Akapima urefu. Kila mara alitazama ile karatasi ya mwaka jana iliyokuwa mezani, na kila mara alitazama kwa muda mrefu zaidi. Mwishowe alizungusha tepu shingoni mwa binti yake, na vidole vyake vikasimama.

Mabega yalikuwa yaleyale. Mikono ilikuwa ileile. Urefu haukuongezeka hata upana wa kidole. Katika mwaka mzima kilichokua ni shingo tu, na pale mbele, chini ya koo, vidole vya mama viligusa kitu laini kilichovimba pande zote mbili.

Mama alikaa kwenye kigoda. "Nimesogeza kifungo," alisema taratibu. "Mara mbili nimesogeza kifungo, na sikutazama shingo."

Ngongoti alichukua mkoba wake ili aondoke, lakini Chiriku alimshika mkono.

"Unaumwa, mama?" mama aliuliza, akimwita binti yake hivyo kama kila anapojawa na upendo.

"Sijambo."

"Sikuulizi kama wapita njia wanavyoulizana. Nakuuliza mimi."

Chiriku alitazama sakafu yenye vipande vya nyuzi. Kisha mdomo ukafunguka, na yakatoka yote. Sukari inashuka hata akila vizuri. Usingizi haumwishi. Choo ni kigumu, ngozi inapauka, sauti imemkimbia. Na baridi. Baridi inayomwingia mifupani wakati wenzake wanajipepea kwa madaftari.

"Kwa hiyo sweta..." mama alianza.

"Sweta ni la baba. Nalivaa kwa sababu ni la baba. Lakini pia nasikia baridi, mama. Niliogopa kukuambia, kwa sababu umeanza kucheka."

Mama alimvuta kifuani na kukaa hivyo kwa kitambo. "Na mimi niliogopa kukuuliza," alisema. "Nilidhani nikiuliza habari za sweta, utalia. Tumeogopana humu ndani kama wageni."

Jumatatu walikuwa kliniki ya sukari mapema. Tangu msiba, Chiriku hakuwa amefika pale. Mama alikuwa akipita kwenye dirisha la dawa, anachukua insulini, anarudi kwenye kazi zake, na miadi ya kuonana na daktari ilikuwa imepita bila mtu kukumbuka.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani kichwani. Alisikiliza bila kumkata Chiriku kauli. Kisha alimpa bilauri ya maji, akamwambia ameze huku yeye akiitazama shingo. Uvimbe ulipanda na kushuka pamoja na maji.

"Hii inaitwa tezi ya thairoidi," alisema. "Kila mtu anayo. Ina umbo la kipepeo, imekaa hapo mbele ya koo, na inatengeneza homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Yako imevimba, na nadhani imechoka. Tutapima damu tuwe na hakika."

"Kwa hiyo ni kama pedali ya cherehani," Chiriku alisema. "Ukiikanyaga polepole, kitambaa kinatembea polepole."

Daktari alimtazama mama. "Huyu ndiye unayesema sauti imemkimbia?"

"Nimekula nini kibaya?" Chiriku aliuliza.

"Hujala kitu kibaya, na hakuna aliyekuambukiza. Mwilini mna walinzi wanaopigana na vijidudu. Kwako walikosea, wakalishambulia kongosho, pale insulini inapotengenezwa. Ndiyo maana una kisukari cha aina ya kwanza. Sasa walinzi waliokosea mara moja wanaweza kukosea tena, na mara nyingi hiyo tezi ndiyo wanayoigeukia. Kwa sababu hiyo tunawapima tezi watoto wote wenye kisukari kama chako, hata wasipolalamika. Wewe kipimo chako kilikupita."

"Na sukari kushuka?"

"Mwili ukienda polepole, insulini hudumu zaidi ndani yake. Dozi iliyokufaa mwaka jana sasa imekuwa kubwa. Nitaipunguza, na tezi ikikaa sawa huenda tukaipandisha tena. Lakini nitaipanga mimi pamoja na mama. Wewe usiipunguze mwenyewe, wala usiiache hata siku moja."

Mama alikuwa akizungushazungusha tepu aliyosahau kuivua shingoni. "Daktari, mimi ni fundi. Kazi yangu ni kutazama miili ya watu. Nikakosa kumwona wangu."

"Mlikuwa na msiba," daktari alisema. "Wote mliangalia upande mmoja. Leo mmeangalia huku, na bado mapema."

Chiriku alikuwa na swali moja lililobaki, na lilimkaba kuliko kola. "Nitapata sindano nyingine?"

"Kidonge. Kimoja kila asubuhi, kwa maji matupu, kabla ya kula chochote. Halafu unasubiri kidogo ndipo unywe chai."

"Na sauti itarudi?"

"Nadhani itarudi. Lakini si kesho. Itachukua wiki nyingi, na kuna siku utaona kama kidonge hakifanyi kitu. Siku hizo ndizo za kukimeza bila kubishana nacho."

Majibu ya damu yalithibitisha alichodhani daktari. Ijumaa ilipofika, Chiriku hakungoja kuitwa. Alisimama mbele ya kwaya akiwa na sweta lake, akaeleza kila kitu kwa sauti ileile ya kiti kinachoburutwa. Hakuna aliyecheka. Yule mvulana wa nyuma, aliyezoea kumtania, alitazama viatu vyake.

"Mwalimu, leo siwezi kuanzisha," alimalizia. "Mpe Ngongoti. Lakini naomba nisitolewe kwenye kwaya. Nikipona, nitaomba unisikilize upya."

Mwalimu alijipiga kalamu shavuni. "Ngongoti ataanzisha. Wewe utaimba nyuma, hata kwa kunong'ona. Siku utakayokuwa tayari, utaniambia. Sitakuonea huruma, nitakusikiliza tu."

"Sitaki huruma, mwalimu. Huruma haina noti."

Kwaya ilicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu walimtambua Chiriku wao.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Kila alfajiri kazi zake zilikuwa tatu sasa: kidonge na bilauri ya maji, kidole, sindano. Kidonge kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga, na Chiriku alikidharau. "Hiki ndicho kitaniamsha?" alimwuliza mama. Mama alisema hata sindano ya cherehani ni ndogo, lakini bila yake meza nzima ni samani tu.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Siku moja aligundua kwamba kipindi cha hesabu kimekwisha na hakusinzia. Siku nyingine alitumwa chaki na kurudi kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao. Sukari iliacha kushukashuka ovyo, na alipokwenda kliniki daktari alipandisha dozi ya insulini kidogo, kama alivyoahidi. Jioni moja, akiosha vyombo uani, aliimba bila kufikiri. Mstari wa kwanza ulitoka safi, ukapanda, ukakaa juu ya ukuta wa jirani. Sebuleni cherehani ilisimama. Chiriku hakugeuka. Aliimba mstari wa pili, na cherehani haikuanza tena mpaka wimbo ulipokwisha.

Kesho yake alimwambia mwalimu, "Niko tayari." Aliimba yeye, akaimba Ngongoti. Mwalimu aliweka kalamu chini. "Sasa mmenitia taabuni," alisema. "Nyimbo za mashindano ni mbili. Ngongoti ataanzisha wa kwanza, kwa sababu ameufanyia kazi. Chiriku, wa pili ni wako."

"Nimekushinda kwa kutangulia," Ngongoti alimnong'oneza, akiringa kama alivyoahidi.

"Wa mwisho ndiye anayekumbukwa," Chiriku alimjibu.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama milangoni. Chiriku alivaa nguo mpya iliyokatwa kwa vipimo vyake halisi, vilivyochukuliwa tena wiki ile ile. Alikuwa amerefuka. Kifungo cha kola kilikaa mahali pake bila kuombwa. Nyuma ya jukwaa alipima sukari, ikawa sawa, akaweka glukosi mfukoni kama kawaida. Sweta la baba lilikuwa begani mwake. Akalishika kidogo, kisha akamtafuta mama pembeni ya jukwaa na kumkabidhi.

"Nishikie, mama. Leo nasikia joto."

Mama alilipokea kwa mikono miwili.

Ngongoti aliuanzisha wimbo wa kwanza vizuri, na ukumbi ukapiga makofi. Kisha Chiriku akapiga hatua mbele, peke yake, mbele ya watu wote. Alifungua mdomo. Sauti ilitoka ikiwa nyembamba, kisha ikafunguka, ikajaa ukumbini hadi kwa waliosimama milangoni, na kwaya ikampokea kwa nguvu kiasi kwamba vioo vya madirisha vilitetemeka. Ulikuwa wimbo wa baba. Chiriku hakulia. Aliuimba wote, mpaka mwisho, na alipomaliza ukumbi mzima uliinuka.

Kombe walilipata wao. Mwalimu wa kwaya alilibeba kichwani hadi getini, kalamu imepotea asijue iko wapi.

Njiani kurudi nyumbani, Ngongoti na Chiriku walibishana nani ataliweka kombe dirishani kwanza, ingawa lilikuwa mali ya shule. Mama alitembea katikati yao, sweta limekunjwa mkononi. Walipofika mlangoni aliwasimamisha.

"Nisikilizeni, wote wawili," alisema. "Mtu akiwa na ugonjwa mmoja, msiusingizie kila kitu. Na mtu akiwa na huzuni, msidhani huzuni ndiyo yote aliyo nayo. Mwulizeni. Na wewe ukiulizwa, Chiriku, sema ukweli wa mwili wako, hata kama unaona utamsumbua mtu. Mimi nilidhani nakulinda kwa kunyamaza, na wewe ulidhani unanilinda. Kumbe wakati wote nilikuwa na tepu shingoni."

"Sasa utatupima kila mwezi?" Chiriku aliuliza.

"Kila mwezi. Na mwenye mdomo mrefu nitampima mdomo."

Ngongoti alicheka mpaka akainama. Mama alicheka pia, kicheko chake cha zamani. Kisha aliingia ndani, akafungua kabati na kuliweka sweta kwenye rafu ya katikati, mahali ambapo mtu yeyote angelifikia asubuhi ya baridi.